Flani bila furu

Dada, umeuliza kama flani, ile tamutamu laini ya mayai na maziwa, inawezekana bila furu (oveni), kwenye makala (mkaa) tu. Inawezekana, tena naiona rahisi kuliko keki, maana keki kwenye mbabula (jiko la makala) huungua chini kabla ya kuiva juu.

Yeyusha sukari mpaka iwe ya kahawia, imimine haraka kwenye bakuli la chuma. Piga mayai 4 na sukari gramu 100, ongeza polepole maziwa ya moto nusu lita, chuja. Bakuli liingie kwenye sufuria yenye maji yanayofika nusu yake.

Kazi yote iko kwenye moto. Punguza makala, maji yatetemeke tu. Hapa Goma, kwenye mita 1,500 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 95, lakini hata hizo ni nyingi kwa mayai: flani itajaa matundu kama sifongo. Funga mfuniko kwa kitambaa, matone yasidondoke juu yake. Dakika 40 hivi, katikati ikiwa bado inatikisika kidogo, itoe.

Maziwa ya unga yanafaa kabisa (wanaoyadharau wana ng'ombe wao). Vanila ikikosekana, kwaruza ganda la ndimu. Na umeme ukikatika, ipoze kwenye beseni la maji baridi.