Maswali ya Wasomaji: Soli Inayopukutika, Sakafu Inayovunda

SWALI: Nilinunua viatu vya ngozi vya ofisini, nikavivaa mara mbili tatu, nikavirudisha kwenye boksi juu ya kabati. Vimekaa humo miaka mitano. Juzi nimevitoa niende navyo harusini, na kabla sijafika stendi soli ya kushoto ikapukutika vipande vyeusi njia nzima. Niliuziwa viatu vibovu? – B.S., Tudor

JIBU: Pole, ndugu yetu. Muuzaji usimlaumu bado. Soli hiyo ni ya sponji ya poliurethani, ambayo mafundi huiita PU, na kilichoiua ni mvuke wa maji ulioko hewani. PU nyingi za soli hutengenezwa kwa polyesta, yaani asidi na alkoholi vilivyoshikanishwa, na katika kushikana huko maji hutoka. Maji yakirejea, kazi inafumuka: vifungo hukatika kimoja kimoja. Kila kifungo kinachokatika huacha asidi, na asidi hiyo huharakisha kukatika kwa vingine. Ndiyo maana kiatu hukaa miaka kikionekana kizima, kisha kikamalizika siku moja. Joto huongeza kasi, na kwa joto na unyevu Mombasa hatuombi mkopo.

Boksi halikukusaidia. Mfuko wa nailoni uliofungwa ungekuwa mbaya zaidi, kwani unyevu uliomo hauna pa kutokea. Na vile vijipakiti vya chembe ngumu vinavyokuja na viatu vipya hunywa maji kama theluthi ya uzito wake tu. Cha gramu 5 kikinywa gramu moja na nusu kimeshiba, na hewa ya pwani itakishibisha upesi. Viweke viatu wazi, kwenye rafu inayopitisha upepo, mbali na ukuta wenye unyevu, na uvivae. Kuvaa hakuizuii soli kuoza, lakini angalau utakuwa umeitumia.

Kiatu cha zamani kipime kabla ya kutoka nacho. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba. Sponji ikirudi, nenda. Alama ikibaki shimo, au ukucha ukitoka na unga unaonata, hicho hakifiki mbali.

Unaponunua kingine, uliza soli ni ya nini. Mpira na EVA, ile sponji nyepesi ya champali na raba, hazina ugonjwa huu. PU ya aina nyingine, ya polyetha, pia hustahimili maji vizuri, ila ni wauzaji wachache wanaojua walichonacho. Na lebo isikudanganye: herufi PU mara nyingi husemea ngozi bandia ya juu, si soli. Ile ngozi ya mikoba na makochi inayobanduka magamba huumwa maradhi haya haya.

SWALI: Fundi alinibandikia soli mpya ya EVA wakati wa mvua ya mwaka. Wiki haikuisha ikaachia. Anasema gundi ya siku hizi ni feki. – Msomaji wa Kisauni

JIBU: Huenda gundi ni nzima. Kiyeyusho cha gundi kinapopaa huipoza sehemu iliyopakwa, na hewa ikiwa imejaa maji, umande mwembamba hutua juu ya gundi. Huuoni kwa macho, ila gundi inakuwa na ukungu mweupe kidogo. Ukibandika hapo umebandika maji.

Kazi yenyewe iende hivi. Sponji ya zamani ikwanguliwe yote, kwa sababu ukipaka juu ya mabaki yanayopukutika, gundi itashika unga. Pande zote mbili zisuguliwe kwa msasa namba 60 au 80 mpaka mng'ao wa EVA uishe, kisha zifutwe vumbi. Mkono wa kwanza wa gundi uwe mwembamba, ukauke kama dakika 20. Upakwe wa pili, usubiri dakika 10 hadi 15. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikivuta nyuzi ni mapema. Siku ya mvua, pitisha kikausha nywele juu juu, kwa vuguvugu tu, maana EVA huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 70. Unganisha mara moja, bila kubandua na kurudia, ugonge kwa nyundo kutoka katikati kwenda pembeni. Usikivae kabla ya saa 24. Fundi anayekurudishia kiatu kabla chai yako haijapoa amekuuzia haraka yake.

SWALI: Assalaam alaykum. Chuo chetu kiko chini, katika nyumba ya kale ya mawe Mji wa Kale. Tumetandika mikeka ya sponji ya kushikana meno kwa meno. Chini yake kumeota koga jeusi, na karibu na mlango imevimba kama mgongo wa ngamia. – Mwalimu wa chuo

JIBU: Waalaykum salaam, ustadhi. Hayo ni mambo mawili. Kuvimba ni jua la mlangoni: EVA hutanuka ikipata joto, na mkipanga hadi ukutani bila nafasi, mkeka hauna budi kuinuka. Acheni sentimita moja kila upande. Wala msiianike juani baada ya kuosha. Joto kali huisinyaza, na ikishasinya meno hayakutani tena.

Koga linahitaji kipimo. Kateni nailoni ya sentimita 45 kwa 45, muibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, muiache saa 16 au zaidi. Mkikuta matone chini yake au simiti imekoza rangi, maji yanapanda kutoka ardhini, na EVA, ambayo vitundu vyake vimezibwa, inayazuia yasitoke.

Kwa nyumba mpya ya zege tungesema mtandike nailoni ya geji 1000, ipandane sentimita 20, kisha mikeka juu. Kwa nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, hapana. Kuta zile hupumua, na mkiziba sakafu, maji yatapanda ukutani yakamenye lipu. Tandikeni wakati wa darasa, mkimaliza iondoeni na kuisimamisha kwa ubavu, madirisha wazi. Koga liosheni kwa sabuni na brashi, mkaushe kivulini. Na kwa kweli, mkeka wa ukindu hapo haujapata mpinzani.

SWALI: Nasimama dukani kutwa juu ya simiti. Naweza kukata sponji ya godoro nitie viatuni? – Mama wa Kongowea

JIBU: Itakufurahisha asubuhi tu, mama. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyo wazi, hewa inatoka yote, na kufikia adhuhuri unakanyaga kitambaa. Tafuta EVA ya milimita 3 hadi 5. Ibonyeze kwa kidole gumba, na ukihisi meza chini yake, hiyo ni laini mno.

SWALI: Tunaokota champali zilizoletwa na bahari. Tulitaka kuziyeyusha tupate vigae vya sakafu ya jimu, tukaambulia moshi. – Vijana wa Likoni

JIBU: Zimeni moto. EVA ya champali imefungwa kwa ndani kwa kemikali iitwayo peroksidi. Ni kama yai lililochemshwa, moto zaidi haulirudishi kuwa ute. Nyingine ni za plastiki ya PVC, na moshi wake una asidi ya hidrokloriki. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu na kushushwa majini 2018, lilivishwa champali kama 30,000, nazo hazikuyeyushwa, zilitumika kama vipande vya rangi.

Zikateni punje za milimita 3 hadi 6, muoshe chumvi na mchanga, mkaushe kabisa, kwani punje mbichi huifanya gundi itoke povu. Gundi yake ni ya poliurethani, inayokauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo kopo lisikae wazi. Kwa punje za mpira wa tairi, kilo 10 huhitaji gundi kilo moja na nusu hadi mbili. EVA ni nyepesi na kilo yake ni punje nyingi zaidi, basi anzieni mbili, mjaribu kigae kimoja kwanza. Pakeni kalibu mafuta, mkandamize kwa uzito saa 24. Fanyieni mahali penye upepo, na mvae glavu: gundi hiyo ikikaukia kiganjani haitoki kwa sabuni wala kwa petroli.