Hewa ukaa ikiongezeka, mazao yatahimili ukame?

SWALI: Nimesoma kwamba hewa ukaa ni chakula cha mimea, hivyo kadiri inavyoongezeka angani ndivyo mazao yatakavyostawi na kuhimili ukame. Nalima mahindi na maharage kwa kutegemea mvua. Misimu ya karibuni mahindi yamerefuka vizuri, lakini magunzi yana mapengo. Mbona sioni faida hiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, uliyosoma ni kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo inayoligusa shamba lako.

Tuanze na jani lenyewe. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani la maharage, iache ikauke, ibandue taratibu kwa selotepu, kisha itazame kwa hadubini. Utaona alama za vitundu vingi, kila kimoja kimebanwa na seli mbili zilizopinda kama midomo. Hizo ndizo stomata. Hewa ukaa huingilia hapo, na maji hutokea hapo hapo, kwa hiyo mmea hauwezi kula bila kupoteza maji. Udongo ukianza kukauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, seli zile mbili hunywea na kitundu hufungwa. Maji yanabaki ndani, lakini chakula nacho kinakatika.

Hewa ukaa inasaidia hapa. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Ikiwa nyingi nje, mmea hubana stomata kidogo na bado hushiba. Hilo limepimwa kwenye mashamba ya wazi, yaliyozungushiwa mabomba ya kupuliza hewa ukaa juu ya mazao.

Sasa, mahindi na maharage hayafaidiki sawasawa. Katika maharage, kama ilivyo kwa ngano, mpunga na muhogo, kimeng'enya cha rubisko mara kwa mara hunasa oksijeni badala ya hewa ukaa, na mmea hupoteza nguvu kusahihisha kosa hilo. Hewa ukaa ikizidi, makosa yanapungua na mmea unakua haraka. Mahindi, mtama, uwele na miwa yana utaratibu wake ndani ya jani wa kuilundika hewa ukaa mahali rubisko ilipo, kwa hiyo yalishatosheka tangu zamani. Mahindi yenye maji ya kutosha hayaongezi mavuno kwa sababu ya hewa ukaa. Nafuu yake huonekana wakati wa ukame tu, kwa kuwa udongo huchelewa kidogo kukauka.

Na hata nafuu hiyo ina mpaka. Maji yanayotoka kwenye jani ndiyo yanayolipoza. Stomata zikifungwa, jani linapata joto. Tena mmea uliokua haraka una majani mengi, na majani mengi yanakunywa maji mengi. Katika majaribio ya soya yaliyochukua miaka 8 huko Illinois, Marekani, faida ya hewa ukaa ilipungua kadiri ukame ulivyozidi, hadi ikatoweka. Mimi nalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa, maana watu wanaihesabu faida hiyo kama akiba, na inakosekana mwaka ule ule inapohitajika.

Kuhusu mapengo yako: kila uzi wa ndevu za hindi unaelekea kwenye punje moja. Mbelewele humwaga chavua kwa takriban wiki moja. Ukame wa wakati huo huzichelewesha ndevu, na uzi unaochomoza chavua ikiwa imekwisha huacha pengo. Menya gunzi ulitazame. Mapengo yakiwa yametawanyika, uchavushaji ulikosekana. Ikiwa ni ncha tu iliyo tupu, mara nyingi punje zilichavushwa zikafa baadaye kwa kukosa maji au naitrojeni. Hewa ukaa haitibu lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo linda maji ya wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kutoa ndevu. Palilia mapema, weka matandazo, na panda mbegu za aina mbili zinazochanua kwa nyakati tofauti ili kiangazi kimoja kisizikute zote. Usishtuke mahindi yakikunja majani saa nane mchana. Ukiyakuta bado yamejikunja alfajiri, hapo yameishiwa kweli. Maharage yachimbue machache yakianza kuchanua, upasue vinundu vya mizizi: vikiwa vyekundu ndani vinafanya kazi ya kunasa naitrojeni, vikiwa vya kijani au kahawia vimeacha, na ukame ni mojawapo ya sababu zake kubwa.