Mofini, Daktari na Mahakama

Barua za safari hii zimetoka Malindi na vitongoji vyake. Takriban zote zinauliza juu ya dawa kali za maumivu, na juu ya hofu ya kumwona daktari kizimbani kwa sababu ameziandika.

*Baba yetu ana saratani ya tezi dume, imeshaingia mifupani. Hospitali wamempa mofini ya maji. Ami anasema huo ni unga tu uliotiwa chupani, na kwamba Marekani madaktari wanafungwa kwa kuiandika. Ni kweli? Hatutaki daktari wetu atiwe ndani kwa sababu yetu.*
Binti yake, Shela, Malindi

Ami yako hakuzua. Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, na mji ulioona vijana wake wakimalizwa na unga una haki ya kushtuka. Lakini teja ananunua kitu asichojua nguvu yake, anakitafutia ulevi. Baba yako anakunywa miligramu zilizohesabiwa, kwa saa zake, ili aweze kulala na kukaa kitako na watu wake. Hiyo methadoni wanayopewa hospitalini Malindi walioamua kuacha unga nayo ni ya ukoo huo huo.

Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inamtoa kwenye kosa daktari anayeshika dawa hizi kwa matibabu, na mgonjwa aliyeandikiwa pia. Mkataba wa kimataifa wa 1961, ule ule unaozidhibiti, unakiri katika utangulizi wake kwamba tiba haiwezi kuzikosa katika kutuliza maumivu. Karatasi ya daktari ikae pamoja na chupa, hata mkisafiri.

Ya Marekani yana asili yake. Vidonge vya OxyContin, dawa kali ya maumivu ya ukoo wa mofini, viliingia sokoni 1996 vikasifiwa kupita kiasi, na mwaka 2007 kampuni ya kundi la Purdue, watengenezaji wake, ilikiri mahakamani kosa la kupotosha watu kuhusu hatari ya uraibu. Katikati ya hayo zikazuka kliniki za kuuza karatasi: mgonjwa hapimwi, analipa taslimu, anatoka na vidonge. Waendesha mashtaka waliziingilia, na hapo hawana lawama.

Lawama inaanzia pale mahakama ilipoacha kuuliza nia. William Hurwitz, daktari wa maumivu wa Virginia, alihukumiwa miaka 25. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu kwa sababu wazee wa baraza walizuiwa kuzingatia kama alitenda kwa nia njema. Aliposhtakiwa upya 2007 alipatikana na hatia kwa baadhi ya makosa, akapewa miezi 57. Tazama umbali uliopo kati ya miaka 25 na miezi 57! Tarehe 27 Juni 2022, katika kesi ya daktari Xiulu Ruan wa Alabama, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaweka wazi kwamba daktari mwenye leseni hatiwi hatiani mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kuwa alijua, au alikusudia, kwamba anaandika dawa nje ya ruhusa yake. Hawakusema Ruan hana kosa. Kesi ilirudishwa chini iangaliwe upya.

Aliyeumia zaidi ni mgonjwa. Mwaka 2016 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitoa mwongozo uliowataka madaktari wajihadhari kuvuka kiasi kinacholingana na miligramu 90 za mofini kwa siku kwa maumivu sugu. Saratani haikuwamo. Wengi wakaugeuza amri, watu waliotumia dawa miaka mingi wakakatiwa ghafla. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya huko ikaonya kwamba kukata hivyo kunaleta mateso makali na hata watu kujiua, na 2022 mwongozo ukarekebishwa.

Msimamo wetu: mwuza karatasi ashtakiwe kama mwuza unga mwingine yeyote. Lakini idadi ya miligramu peke yake isiwe ushahidi wa uhalifu. Daktari aliyekosea kipimo huku akitibu, wa kumhoji kwanza ni baraza la madaktari.

*Baba alikuwa akinywa kijiko kimoja cha mililita 5. Chupa mpya ina rangi nyingine, na muuguzi ametuambia "nusu mililita". Dawa kidogo hivyo itafaa nini? Na tangu juzi analala sana.*
Msomaji, Barani

Kabla ya kusoma zaidi, chukua chupa zote mbili usome lebo. Mofini ya maji huja kwa nguvu mbalimbali, na mbili zinazochanganywa sana ni ya miligramu 1 kwa mililita na ya miligramu 10 kwa mililita. Miligramu 5 ni mililita 5 za ile ya kwanza, na nusu mililita tu ya ile ya pili. Ukimpa kijiko kizima cha ile kali, umempa miligramu 50, mara kumi. Usiiamini rangi, wala usitumie kijiko cha chai. Omba bomba dogo la kupimia, lisilo na sindano.

Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo, au baada ya kuongezewa dawa, ni wa kawaida, kwani mwili unalipa deni la kukesha. Hatari ni mgonjwa asiyeamka vizuri ukimwita, mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikishuka chini ya 10, usimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali mara moja na chupa mkononi. Kuna dawa ya kuzima nguvu ya mofini, naloksoni.

Ulizeni pia juu ya mkojo. Kama naye ana tezi dume, ikiziba njia ya mkojo figo huchoka, na mofini hurundikana mwilini hata kama kipimo hakikubadilika. Choo nacho kitafunga, na mwili hauzoei hilo, kwa hiyo dawa ya kufungua choo, kama bisakodili ya usiku, iandikwe tangu siku ya kwanza.

*Nafanya kazi katika hospitali ndogo. Nikiandika mofini mkono unatetemeka. Nijilinde vipi?*
Daktari kijana, Kaunti ya Kilifi

Faili ndiyo wakili wako, daktari. Andika maumivu yako wapi, yanatokana na nini, ni mangapi kati ya 0 na 10, dawa gani zilitangulia zikashindwa, na lini utamwona tena. Kipimo kiandikwe kwa miligramu, pamoja na nguvu ya chupa, kwa tarakimu na kwa maneno. Kamwe usiandike "mofini 5 ml" ukaishia hapo. Wala usiandike 5.0, maana nukta ikififia inasomeka 50.

Hesabu ya chupa ionekane. Mtu mzima anayeanza na miligramu 5 anakunywa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku mara mbili ya kipimo ili asiamshwe usiku wa manane. Hiyo ni miligramu 30 kwa siku, na 420 kwa siku 14. Kwa dawa ya miligramu 1 kwa mililita, chupa ya mililita 500 inabakisha 80, yaani dozi 16 za maumivu yanayozuka katikati. Akirudi, pima zilizobaki uandike. Zikiwa zimekwisha mapema, uliza kabla ya kushuku. Mara nyingi kipimo ndicho kidogo, na hapo unaongeza kwa asilimia 30 hadi 50. Mzee dhaifu aanze na miligramu 2.5.

Karatasi iliyotiwa saini kabla ya mgonjwa kuingia, au kiasi kimoja kwa kila mtu, hiyo ndiyo inayopeleka watu kizimbani, na ni haki.

*Mama ametangulia mbele ya haki. Chupa imebaki nusu, na jirani anaiomba.*
Msomaji, Maweni

Poleni sana, Mungu amrehemu. Jirani msimpe, hata kama naye anaumwa kweli. Aende akaandikiwe yake. Irudisheni kwenye famasi ya hospitali ilikotoka, msubiri mpaka kiasi kilichobaki kipimwe na kuingizwa kitabuni mbele ya watu wawili, kila mmoja atie saini.