Kurudi stejini baada ya unga: kwa wanamuziki wanaoanza methadone

Kila wanapoingia watu wapya kwenye dirisha la methadone, dawa ya kunywa wanayopewa wanaoacha unga, yaani heroini, hakosi mmoja wetu wa muziki, na swali lake ni lile lile: nitarudi lini stejini? Mimi napiga gitaa la solo kwenye bendi ya roki za zamani na dansi, hoteli za Masaki na baa za Kinondoni, na dirisha hilo nimepitia. Wadogo zangu, stejini penyewe si pabaya kama mnavyoogopeshwa. Ukiwa unapiga, vidole vina kazi na masikio yana kazi. Pabaya ni kuanzia wimbo wa mwisho unapoisha, saa nane au tisa usiku, hadi asubuhi unapokwenda kunywa dozi. Saa hizo ukizipangia, unaweza kupona ukiwa bado mwanamuziki. Usipozipangia, heri ukae kwanza bila bendi.

Kwanza dawa yenyewe. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadone Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Hulipii. Unakunywa pale pale mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu zimo. Dozi huanza ndogo na kupandishwa taratibu, kwa hiyo siku za mwanzo arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inapungua bila kuisha. Utatoka jasho, utasinzia mchana, choo kitakuwa kigumu. Kipindi hicho usikubali kazi ya usiku hata bosi akikubembeleza. Omba mazoezi ya mchana. Vidole vimelainika, nyuzi zitakuumiza, na kasi yako ya zamani haitakuja wiki hiyo, usiilazimishe. Dozi ikishatulia, anza na bonanza la Jumapili alasiri, ambalo watu wanatawanyika mapema na wewe unalala kama binadamu wengine. Usiku mzima uje mwisho.

Jambo moja linapotosha wengi. Ukigundulika na TB ukaanzishiwa dawa zenye rifampicin, methadone itakuwa inaisha mwilini haraka, na arosto itarudi ingawa dozi hujaikosa. Baadhi ya dawa za VVU nazo hufanya hivyo. Hapo mtu anasema methadone imemshinda, anarudi kijiweni. Haijamshinda. Inatakiwa dozi irekebishwe, na hilo ni la daktari, kwa hiyo taja kila dawa unayomeza.

Sasa pombe, na hapa nitakaa, maana ndiyo inayotumaliza. Mtu ameacha unga, afya imerudi, mashavu yamejaa, halafu anasema: shida yangu ilikuwa unga, bia mbili tatu si neno. Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, alitoka kwenye heroini miaka ya 1970 akaingia kwenye pombe, na pombe ikamshika vibaya vile vile. Alikwenda kutibiwa Hazelden, Marekani, mwaka 1982. Akarudia kunywa. Akaenda tena mwaka 1987, na tangu hapo hajanywa, hata alipofiwa na mwanawe mdogo mwaka 1991. Mwaka 1998 alianzisha kituo cha tiba kisiwani Antigua, na mwaka uliofuata akapeleka mnadani magitaa yake 100 ili kituo kipate fedha. Wengi wetu tumeshaweka gitaa bondi kwa ajili ya kete ya unga, kwa hiyo nikiyafikiria magitaa yale 100 napata nguvu. Lakini ninachotaka ukishike ni ile miaka ya katikati, alipokuwa ameacha heroini na bado anaumwa.

Kwetu sisi wa methadone kuna zaidi. Pombe na methadone vyote vinapunguza kasi ya kupumua, na vikikutana mwilini unaweza kulala usiamke. Vidonge vya usingizi ni hivyo hivyo. Na kama ulikuwa mnywaji wa kutwa kucha, usikate ghafla peke yako chumbani, kwa sababu mwili uliozoea pombe nyingi ukiikosa unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa. Nenda hospitali, useme ukweli unakunywa kiasi gani, wakusimamie.

Baa zetu mnazijua. Uko katikati ya solo, mikono yote iko kwenye gitaa, anakuja shabiki na noti, anakubandika kwenye paji la uso, kisha anakuletea chupa mdomoni kabisa. Anakupenda, wala hana nia mbaya, na huwezi hata kuinua mkono kukataa. Mambo ya hivi yanatakiwa yapangwe kabla ya kupanda. Mimi chupa yangu ya soda, iliyokwisha kufunguliwa, inakaa juu ya ampi tangu wimbo wa kwanza, na rapa anajua kazi yake: mwenye chupa akikaribia, yeye anamwahi, anaipokea, anamtaja jina kwenye maiki. Shabiki anaondoka ametukuzwa. Meza ikituma bia kwa bendi, kaunta wanajua kwangu waandike soda au maji.

Hayo yote yanataka mtu mmoja anayejua hali yako, naye awe kiongozi wa bendi. Bendi nzima si lazima. Najua aibu ya kusema. Ray C, mwimbaji wa bongo fleva, alipokwenda Ikulu Desemba 2012 kumshukuru Rais Kikwete kwa kumsaidia kupata tiba, nchi nzima ikaona, mimi nilipata ahueni kubwa, kwa sababu mwenzetu wa muziki alikuwa amesimama hadharani. Kiongozi akikucheka au akisema bila kilevi hupigi vizuri, hama bendi. Akikuelewa, mwombe mambo mawili: posho yako iende kwenye simu ya mama au dada, na mkishuka usiondoke peke yako.

Hela ya kutunzwa haina pa kupita isipokuwa mfukoni mwako, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu umeipata saa ambayo pusha, muuza unga, naye yuko kazini. Mkabidhi mwenzako kabla hujashuka, utaidai kesho mchana. Panga bajaji ya dereva unayemfahamu, mlipe mwanzoni, na mwambie njia: ya kuzunguka, isiyopita karibu na kijiwe chako cha zamani, hata kama inaongeza nauli. Laini ya simu badilisha. Ukifika nyumbani kula chakula kizito, oga, lala na nguo za kwendea dirishani zikiwa tayari. Safari za mikoani zinawezekana pia, kwani kuna kliniki Dodoma, Mwanza, Mbeya na Tanga, ila uhamisho wa dozi uombe mapema, usisubiri basi liwashe injini.

Na ikitokea umeteleza, nenda dirishani asubuhi hiyo hiyo ukaseme. Ukikosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi, usidai ile ya zamani, mwili umeshapoteza mazoea na watalazimika kukupima upya. Unga nao ni hivyo hivyo: kiasi ulichokuwa ukibwia zamani bila shida, baada ya kukaa nje yake kinaua. Wenzetu kadhaa wameondoka hivyo, wakiwa wamepona nusu.

Ninyi mnaopiga naye, mkimkuta chumba cha nyuma anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi, hashtuki mkimtikisa, msimwagie maji mkakaa kumtazama. Mlazeni ubavu, mmpeleke hospitali wakati huo huo, na mseme wazi ametumia nini. Ipo dawa, naloxone, inayorudisha pumzi ndani ya dakika chache, na daktari hataifikiria mkimwambia ni malaria.