Akaunti moja kwa wafanyakazi wote? Usithubutu, mkuu

Mkuu, umeandika kwamba una wafanyakazi watano, faili ziko Google Drive, wote wataingia kwa akaunti moja na nenosiri moja, halafu unatafuta programu ya kukuonyesha nani kafungua nini na kama ni lazima uwaambie. Acha kwanza. Hiyo akaunti moja ndiyo iliyoniumiza.

Nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Fundi wa kompyuta alinihakikishia: "Bosi, akaunti moja inatosha, historia inaandika kila kitu." Nikamlipa. Kweli inaandika mabadiliko, saa na tarehe. Ila jina ni la duka, mwanzo mpaka mwisho! Mtu anayeuza ushauri wa hivyo anakula hela za watu bure. Nikimkumbuka bado napandwa na hasira.

Asubuhi moja folda ya wateja wa mkopo haipo. Naangalia kwenye tupio, ambako faili zilizofutwa hukaa siku 30, nako kumemwagwa. Nani? "Duka." Wiki ileile nilikuwa nimegombana na binti wa kaunta, basi nikamfukuza mbele ya wenzake. Zaidi ya milioni nne za madeni zikapotea, wateja wengine wakaniambia nilete ushahidi.

Wiki mbili baadaye nafungua orodha ya simu na kompyuta zilizoingia kwenye akaunti. Nakuta simu ya muuzaji aliyeacha kazi miezi mitatu nyuma, bado imo. Nenosiri sikuwahi kulibadilisha. Ni yeye? Ni mwingine? Siwezi kuapa mpaka leo. Nilimfuata binti kwao nikamwomba radhi na kumlipa haki yake. Hela alipokea, kurudi kazini alikataa.

Kwa hiyo kila mtu akaunti yake. Wa kaunta mpe kusoma tu, wa mahesabu mpe kuhariri, na faili zimilikiwe na akaunti unayoishika wewe peke yako. Anayeondoka, unamtoa siku hiyohiyo, kabla hajakabidhi funguo. Kile kiungo cha kushiriki faili kinachoitwa "yeyote mwenye kiungo" kizime, maana mtu akipitia pale bila kuingia kwenye akaunti yake humjui ni nani.

Usiku huu kabla hujalala fungua sehemu ya usalama ya akaunti yako, uhesabu simu zilizomo. Kisha rudi hapa utuambie umekuta ngapi.