Mizinga 13, namba ya wapi hiyo?

Toleo lililopita nilizitaja kwa mistari miwili manowari za Italia za kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nikapita. Kumbe nimechokoza nyuki: maswali ya wasomaji yamemiminika. Haya, tujibu.

Ni kweli mwenye wazo la Dreadnought, ile manowari ya Uingereza iliyojaa mizinga mikubwa ya kipimo kimoja, alikuwa Mwitaliano?

Aliyeliandika hadharani, ndiyo. Mwaka 1903 mhandisi Vittorio Cuniberti alichapisha makala katika kitabu cha mwaka cha manowari cha Jane, Uingereza, akipendekeza meli ya tani 17,000 yenye mizinga mikubwa 12, yote yenye tundu la milimita 305. Waingereza nao walikuwa wakiwaza hayo hayo, wakaizindua HMS Dreadnought mwaka 1906. Italia yenyewe ilianza kujenga ya kwake, Dante Alighieri, 1909!

Dante Alighieri ilikuwa na nini cha pekee?

Minara yake, yaani vile vyumba vya chuma vinavyozunguka pamoja na mizinga. Wengine waliweka mizinga miwili kila mnara. Mbunifu wa Dante, Edoardo Masdea, akapachika mitatu. Mizinga 12 ikiwekwa miwili miwili inataka minara sita, na kila mnara una shimo lake linaloshuka hadi ghala la makombora, linakula nafasi ya boila na mashine, tena linadai chuma chake cha kinga. Mitatu mitatu, minara minne inatosha. Aliipanga katikati ya meli kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), hivyo yote 12 iliweza kufyatua ubavu wowote.

Tatizo ni kwamba minara yote ilikaa usawa mmoja. Adui akiwa mbele moja kwa moja, anaelekezewa mizinga mitatu tu. Tisa iliyobaki imezibwa na minara mingine, milingoti na dohani. Kwangu mimi hiyo ni bei kubwa mno.

Mizinga 13 kwenye meli moja, walihesabuje?

Hizo ni Conte di Cavour, Giulio Cesare na Leonardo da Vinci, zilizoanza kujengwa 1910. Mnara wa mizinga mitatu omo, mwingine katikati, mwingine tezi: tisa. Kisha minara miwili ya mizinga miwili, iliyoinuliwa ili ifyatue juu ya ile ya omo na ya tezi: minne. Huko juu hawakuweka mitatu kwa sababu ya uzito; shehena ikirundikwa juu chombo hulewalewa, nahodha yeyote wa jahazi anakujulisha. Sasa adui wa mbele alikutana na mizinga mitano, wa nyuma mitano, wa ubavuni yote 13, kila kombora kilo 452.

Mbona hazikuvuma?

Zilichelewa, na mizinga yenyewe ilichangia kwa kutofika kwa wakati. Cavour ilipoingia kazini 1915, Waingereza tayari walikuwa na Queen Elizabeth yenye mizinga ya milimita 381.

Andrea Doria ndiyo ile iliyogongwa na kuzama 1956?

Hapana. Ile ilikuwa meli ya abiria. Manowari Andrea Doria, pacha wa Caio Duilio, ilikuwa nyingine. Nayo ilibeba mizinga 13.

Nimesikia waliipanua mizinga mikongwe. Inawezekanaje?

Waliichonga kwa ndani. Cavour na Cesare zilijengwa upya kati ya 1933 na 1937: mnara wa katikati ukang'olewa, mashine mpya zikatiwa, kasi ikapanda kutoka takriban maili za bahari 21 kwa saa hadi 27 na ushei. Mizinga 10 iliyobaki ilitobolewa upya, tundu likatoka milimita 305 hadi 320. Julai 1940, nje ya pwani ya Calabria, kusini mwa Italia, Cesare ilipambana na Warspite ya Uingereza, ndugu wa ile Queen Elizabeth, ikapigwa kombora kutoka umbali wa kilomita 24 hivi. Ilipona. Baada ya vita walipewa Wasovieti, wakaiita Novorossiysk, na Oktoba 1955 mlipuko ukaizamisha bandarini Sevastopol pamoja na mabaharia zaidi ya 600.