Jina kuisha muda sio gemu kuwa ya bure
Hapana bana, ati kampuni ikiacha alama ya biashara (usajili wa jina) ya gemu yake ya zamani iishe, basi gemu ni ya kila mtu? Unachanganya vitu viwili, hakimiliki ya programu, michoro na muziki bado iko kwa kampuni na hiyo inadumu miaka mingi sana, kilichoachwa ni ulinzi wa jina tu. Pale Marekani usajili wa jina unahuishwa kila miaka 10, na kati ya mwaka wa 5 na wa 6 lazima utamke rasmi kwamba jina bado unalitumia sokoni, sasa gemu yenyewe imelala toka enzi za PS2 (PlayStation 2, ya miaka ya 2000), utatamka nini? Wakitaka kuirudisha wanaomba upya, labda mwingine awe kashawahi jina, so mi siililii gemu hiyo bado.